Watalii Kwenye Matanga ya Jean-Marie

Neno la kwanza ambalo wageni walimwambia Geneviève, siku walipoteremka kwenye boti, ni kwamba asogee kidogo. Alikuwa amekaa mlangoni pa nyumba yake mwenyewe, sinia la mchele mapajani, anachambua mawe, na wao waliona anaziba ziwa. Msichana mmoja mwenye miwani mikubwa ya jua ndiye aliyeomba, kwa Kifaransa cha puani, akipunga mkono vile mtu anavyofukuza kuku.

Geneviève alisogea. Hilo ndilo lililomkera baadaye kuliko yote: kwamba alinyanyuka na sinia lake, mjane mwenye kilio, akawapisha watoto wa watu wapige picha maji yaliyomeza mtaa wake.

Maana kile hakikuwa kisiwa. Kilikuwa kiwanja. Hadi juzijuzi tu kilikuwa kiwanja kama viwanja vingine vya upande ule wa Uvira unaoelekea mdomo wa mto Ruzizi, chenye avenyu mbele, jirani kushoto, jirani kulia, na mama wa maandazi pembeni. Lakini Jean-Marie, mume wa Geneviève, alikuwa fundi wa kujenga, na fundi huyo alikuwa na ugonjwa wake: hakuliamini ziwa. Kila alipopewa kazi ya kubomoa ukuta aliomba apewe na vifusi. Alivileta kwa mkokoteni, akavimwaga kiwanjani, akashindilia, akamwaga tena, akajenga juu yake. Majirani walicheka mpaka mbavu zikauma. Hatungimana, waliyepakana naye ukuta kwa ukuta, alikuwa akimwuliza asubuhi kama leo amefika mbinguni au bado. Kisha ziwa likapanda, mvua kwa mvua, mwaka kwa mwaka. Likaingia kwa Hatungimana bila kupiga hodi, likaifunika avenyu, likafunika na kona ya maandazi, na halikurudi lilikotoka. Watu wakahama na mabati yao kichwani. Kilichobaki juu ya maji ni nyumba ya Jean-Marie, michikichi michache nyuma yake, na ulimi wa mchanga ambao mawimbi yaliuleta yenyewe.

Kisha akafa yeye. Asubuhi moja kifua kilimbana, na kabla hajapatikana mtu mwenye mtumbwi alikuwa amekwisha. Wakamvusha maji ndani ya sanduku, wakamzika kule mlimani penye ardhi kavu.

Sasa sikiliza shida ilipoanzia. Katika ukoo wa Jean-Marie, mjane hanyolewi siku ya mazishi. Anakaa na kilio chake mpaka ndugu za mume waje nyumbani kule kule alikofia mtu wao. Mmoja wa damu ya marehemu anamnyoa kichwa, halafu inasemwa mlangoni kwamba kilio kimeisha, na watu wanakula na kunywa. Huko ndiko kuondoa matanga. Kabla ya hapo mjane hahami, halali kwa watu, hachani nywele. Na habebi mtoto mchanga, kwa sababu wanasema kifo bado kimekaa mikononi mwake.

Hilo la mwisho ndilo lililomla Geneviève. Jolie, binti yake wa pekee, aliyeolewa Sange, alijifungua mtoto wa kiume muda mfupi baada ya mazishi ya baba yake. Geneviève alikuwa hajamgusa. Jolie alimleta mara moja hadi ukingoni, akamwinua juu, kafungwa kitambaa cheupe, na bibi yake akamtazama kutoka ng'ambo ya maji, kama anayeonyeshwa bidhaa dukani asiyoruhusiwa kuishika. Alirudi ndani akalala chini saruji ikamwumiza mbavu, na hakuamka kupika.

Kwa hiyo alichotaka kilikuwa kimoja. Wamnyoe, aende Sange, ambebe mjukuu wake. Nyumba wangeweza kuichukua pamoja na vyura wake.

Lakini ndugu za mume walikaa mbali, Kamanyola, na ndugu hao, Mungu atusamehe, walikuwa wazito kama mawe ya kusagia. Léopold, kaka mkubwa wa marehemu, muuza vitenge, alikuwa na jibu jipya kila alipopigiwa simu. Barabara ni mbaya. Barabara imefungwa. Barabara imefunguliwa lakini mguu unamwuma. Dada yao Anne-Marie, ambaye ukoo ulimchagua awe mkono wa kunyoa, alisema yeye hapandi mtumbwi wa kasia hata kwa dawa, anaogopa viboko.

Na nywele zikaendelea kuota. Ujue pia kwamba Geneviève hakuwa mwanamke wa kuvumilia uchafu. Alizaliwa Sange kwenye mashamba ya mpunga, akaletwa ziwani kama bibi arusi, na miaka yote aliyouza ndakala, dagaa wa ziwa hilo, sokoni wenzake walimwita Mama Kinyaa. Akiona muuzaji mwenzake amejipangusa pua kwa mkono, anahamisha meza. Akipewa maji kwenye kikombe, anakinusa kwanza. Mwanamke huyo sasa alikaa na kichwa kinachowasha, kinachotoa harufu ya jasho na moshi, katikati ya maji ambayo chini yake vilikuwa vimezama vyoo vyote vya avenyu nzima. Vyote. Cha Hatungimana, cha mama wa maandazi, cha baa ya pembeni ambacho hata enzi za ukavu wake kilikuwa kikifurika. Siku za jua kali mapovu yalipanda kutoka huko chini, na Geneviève aliyatazama huku amebana pua kwa ncha ya kitenge.

Ndani ya maji hayo ndimo Toussaint alimowaleta watalii.

Toussaint alikuwa kijana wa kuuza vocha za simu bandarini Kalundu, mwenye ulimi wa kuweza kukuuzia kivuli chako. Alipata boti ya injini, sijui kwa njia gani, akapaka ubao rangi ya samawati, akaandika *Île du Bonheur*, yaani Kisiwa cha Furaha, akaja kuupigilia kwenye mchikichi wa Geneviève bila kumwuliza. Kisha akawatangazia watu wa Bukavu na Bujumbura, kwa simu yake, kwamba kaskazini mwa ziwa Tanganyika kuna kisiwa chenye mchanga safi, kijiji kilichozama ambacho mtu anaweza kupiga mbizi akakiona, na viboko wanaokuja karibu kusalimia. Wakaja. Vijana wa mashirika waliokuwa na wikendi ya kumaliza, wachumba, watu waliorudi likizo kutoka Canada na ngozi zao laini. Walikuja na spika ya muziki, na viti vya kukunja, na bia, na miwani ya mpira ya kuogelea.

Walipiga mbizi katika nyumba ya Hatungimana. Walipita dirishani kwa zamu, wakaibuka wakipiga mayowe kwamba wameona samaki wa rangi ya manjano chumbani, samaki wenye mistari jikoni. Waliibuka pia na vitu. Mmoja alitoka na sahani ya bati yenye maua, mwingine na kiatu cha mtoto, akakipangusa mwani, akakipiga picha juu ya mchanga, akakiweka kwenye mfuko wake.

Na kijana mmoja, huyu Geneviève hatamsahau, alijaza maji mdomoni, akasukutua, akayarusha juu kama bomba, wenzake wakapiga makofi. Akajaza tena.

Geneviève hakuweza kuvumilia. Akamwendea Toussaint mbio.

"Toussaint, uwaambie hawa bantu batoke! Pale mahali banaogea iko choo. Choo ya baa! Banakunywa mavi!"

Toussaint akatabasamu, akageukia wageni, akasema kwa Kifaransa kwamba mama anawakaribisha na anafurahi sana kuwaona. Wageni wakampungia mkono. Yule wa kusukutua akambusu hewani.

"Weye unabaambia nini?" Geneviève akauliza, maana Kifaransa cha namna hiyo hata yeye alikielewa.

"Mama, usiniharibie kazi. Maji ya ziwa iko nyingi. Inajisafisha yenyewe."

Geneviève alitema mate chini, akaingia ndani, akafunga mlango. Wakaja kugonga kuuliza kama kuna choo.

Wakaondoka jioni, wakaacha makopo, mifupa ya kuku, vitambaa vya unyevu vya kujipangusia, na kitu kimoja nyuma ya michikichi ambacho Geneviève alikifukia kwa koleo bila kukitazama mara mbili. Jumamosi iliyofuata wakaja wengine. Walikuwa wanaume kwa wanawake waliosoma, waliovaa vizuri, waliosalimia kwa adabu, na waliogeuza nyumba ya mtu jalala huku wakisifia uzuri wake. Mimi ninayesimulia sijui kinyaa kikubwa kuliko hicho: cha mtu anayekuchafua huku anakusifu.

Toussaint ndiye aliyekuja siku moja peke yake, kofia mkononi, kavaa uso wa huruma. Alikuwa amesikia habari za matanga.

"Mama Jolie," akasema, "minye niko na boti. Nitaenda kubachukua bashemeji wako kule kwenye barabara inakutana na maji, nibalete hapa bure. Boti kubwa. Kiboko haiwezi kuigusa. Watakunyoa, utaenda kuona mutoto."

Geneviève akauliza: "Bure?"

"Bure kabisa. Ni vile tu, hiyo Jumamosi bageni watakuwa hapa. Batakaa pembeni. Banapenda sana mambo ya kienyeji. Hata hautabasikia."

Hapo ndipo Geneviève alipokosea, na ni kosa ambalo watu wa kwetu tu ndio wangelifanya. Kwenye kilio hakuna mtu anayefukuzwa. Adui yako akija kwenye kilio unampa kiti. Mlevi akija unampa sahani. Geneviève alikulia ndani ya jambo hilo, hakuweza kufikiri nje yake. Alijiambia kwamba wageni wakiketi kwenye matanga watakuwa watu wa matanga, watainamisha vichwa kama watu wengine. Mbele ya macho yake alikuwa anakiona kitambaa cheupe. Akakubali.

Siku yenyewe alipika tangu alfajiri. Wali, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa mikeke wa kukaanga, bugali, na kuku wote aliokuwa amebaki nao. Hatungimana alikuja na mtumbwi wake wa kasia, na kiti chake mwenyewe, akakaa chini ya paa la mbele. Kati ya majirani wote wa zamani ni yeye tu aliyekuja.

Boti ikafika. Wa kwanza kuruka mchangani ni Léopold, kwa suti, na mguu wa kuuma haukuonekana popote. Nyuma yake Anne-Marie kwa kitenge kipya kisichoguswa na maji, mdomo umepakwa rangi. Kisha wageni, wengi, na spika yao. Yule msichana wa miwani mikubwa alikuwemo tena. Bila shaka Toussaint alikuwa amewaahidi kitu maalumu.

Desturi inataka dada wa marehemu akifika kizingitini aangue kilio. Anne-Marie akaangua. Alikuwa na sauti nzuri ya kulia, hilo nisimnyime, na Geneviève akaanza kulia pamoja naye, kilio cha kweli, cha mume wake. Ndipo msichana wa miwani akasema kitu, na Toussaint akaja mbio.

"Tantine Anne-Marie, pardon. Simu ya huyu ilikuwa haijafunguka. Ulie tena kidogo. Usimame hapa, jua ikupate vizuri."

Geneviève alifikiri wifi yake atampiga Toussaint kofi. Lakini Anne-Marie alijipangusa uso, akarekebisha kitenge, akarudi hatua chache, akaingia upya akilia. Akalia vizuri kuliko mara ya kwanza. Léopold akamsaidia kwa kumshika bega. Machozi ya Geneviève yakakauka pale pale.

Yaliyofuata yalikwenda hivyo hivyo. Wageni walipewa chakula kwanza, kwa amri ya Léopold. Wakachokonoa sombe, wakainusa, wakapiga picha bugali, mmoja akabonyeza tonge akalirudisha sahanini lenye alama za vidole. Léopold akasimama akatoa hotuba kwa Kifaransa, akajiita mkuu wa ukoo mzima, akaeleza maana ya matanga kwa mambo aliyoyabuni papo hapo, ya ngoma na mizimu, mambo ambayo marehemu, mzee wa kanisa, angeyasikia angefufuka kwa aibu. Jina la Jean-Marie hakulitaja. Wageni walitikisa vichwa. Alipokaa alikula kuku kwa mikono miwili, na kila alipomeza alitafuta kwa macho simu iliyokuwa ikimwelekea.

"Shemeji," Geneviève akamwambia kwa sauti ya chini, "muninyoe. Nawaomba. Jua iko naenda."

Wakatandika mkeka mbele ya mlango. Beseni la maji, sabuni, wembe mpya. Geneviève akakaa, akavua kitambaa, na nywele zile zilizokaa muda wote huo zikaonekana mchana mweupe. Msichana wa miwani akasema "oh!" akafunika pua, huku mkono mwingine ukiendelea kushika simu. Sawa. Hata hilo Geneviève alilimeza. Akafumba macho, na alipohisi mkono wa Anne-Marie utosini na ubaridi wa wembe, akaanza kuhesabu moyoni safari ya Sange: mtumbwi, barabara, mlango wa Jolie, mtoto. Maji yalimchuruzika shingoni. Upande wa kulia ulikuwa umekwisha, na wembe ulikuwa unavuka katikati ya kichwa.

"Kiboko! Kiboko na mutoto wake!"

Ni Toussaint aliyepiga kelele, kutoka nyuma ya michikichi. Viti vikaanguka. Wageni wote wakaondoka kwa mbio, simu juu, mmoja tu akirudi nyuma kidogo kwanza ili mjane na kiboko waingie pamoja kwenye video yake. Léopold akainuka na sahani yake akawafuata. Na Toussaint akaita tena, "Tantine Anne-Marie, kuya pia! Banataka picha na weye, na kitenge ile!"

Mkono uliokuwa utosini mwa Geneviève ukaondoka. Alisikia wembe ukitumbukia kwenye beseni. Alipofumbua macho alimwona wifi yake, yule aliyeogopa viboko, anakimbilia viboko huku ameinua kitenge kisiguse mchanga.

Hakuinuka. Mtu akianza kunyolewa hainuki. Alikaa pale, nusu ya kichwa iking'aa, nusu imesimama kichaka, nywele zimeganda mabegani, na nzi waliokuwa kwenye sahani za wageni wakaanza kuja kwake. Alisubiri. Kupitia pembe ya nyumba aliwaona vizuri. Kiboko alikuwa amesimama penye maji ya kina kifupi, kichwa na mgongo nje, mwanawe pembeni, na watu walikuwa wanamtupia bugali ili afungue mdomo. Bugali la matanga, alilolisonga yeye. Léopold ndiye aliyekuwa na sahani, akiwagawia wageni matonge. Kiboko hakufungua mdomo. Aligeuka, akawapa kisogo, akafanya haja yake huku akiipepeta kwa mkia kulia na kushoto, kama kiboko yeyote afanyavyo. Ikawarukia. Wakapiga mayowe ya furaha. Ikaruka kwenye suti ya Léopold, naye akacheka kwa nguvu kuliko wote, akachota maji yale yale ya vyoo akajiosha, na Anne-Marie, matone ya kijani usoni, alikuwa bado anauliza kama picha imetoka vizuri.

Hapo kitu ndani ya Geneviève kikageuka. Hakikuwa hasira. Hasira angeijua. Ilikuwa ni ile hali ya mtu aliyekuta funza ndani ya kitu ambacho tayari amekila nusu. Alijua hawa ndio watu aliowasubiri. Kwa ajili ya mikono hii, ambayo sasa ilikuwa imejaa mavi ya kiboko, hakumgusa mjukuu wake.

Akaingiza mkono kwenye beseni, akauokota wembe, akajinyoa. Bila kioo, kwa kupapasa, ngozi ikakwaruzika mara kadhaa. Hatungimana alimwona kutoka kwenye kiti chake.

Waliporudi wakicheka, walimkuta amesimama, kichwa kitupu, kibunda chake cha nguo mkononi. Kicheko kikafa.

"Nani amekunyoa?" Léopold akauliza.

"Minye."

"Weye? Mujane anajinyoa mwenyewe? Unajua maana yake?"

"Kilio ilikuwa na benyewe," Geneviève akasema. "Benyewe balienda kuangalia kiboko."

Léopold akavimba. Akasema mbele ya wote kwamba kilio hicho hakijaisha, kwamba yeye hajalisema neno lake na hatalisema, na kwamba akithubutu kugusa mtoto yeyote na kikatokea kitu, wasije kulia Kamanyola. Anne-Marie akaitikia, harufu ikimtoka. Ila aliyemaliza yote ni Toussaint. Alikuja katikati, mikono juu, mpatanishi, uso umejaa furaha.

"Hakuna shida! Nywele zitaota. Tutarudilia! Jumamosi ingine, na bageni bengine, tutaanza mwanzo mpaka mwisho, propre, safi kabisa. Ndiyo, papa Léopold?"

Na papa Léopold akafikiri kidogo, akasema ndiyo, inawezekana.

Geneviève alimtazama Hatungimana, naye Hatungimana alikuwa ameshakunja kiti chake. Walipita katikati ya wageni, na safari hii ni wageni waliosogea. Msichana wa miwani akamwuliza kama wanaweza kupiga picha moja ya mwisho. Geneviève alikuwa tayari ndani ya mtumbwi, amemgeuzia mgongo.

Sange alifika kesho yake. Habari ilikuwa imemtangulia. Picha za video zilikuwa zimezunguka simu za watu, na sokoni wanawake walikuwa wamekwisha kumwona mjane mwenye nusu kichwa ameketi peke yake mkekani, kiboko anacheza nyuma, muziki juu. Wengi walicheka. Jolie hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni, na mama mkwe wake, Victoire, kando yake akiwa na mtoto mgongoni, hajui kama asogee mbele au arudi nyuma.

"Mama Geneviève, karibu," Victoire akasema kwa heshima, ila mikono yake ikamshikilia mtoto. "Tuliona kwa simu. Tulisikia pia shemeji yako alipiga. Anasema kilio bado."

"Ni kweli anasema hivyo," Geneviève akajibu. Hakutaka kudanganya. Alikuwa amechoka na watu wanaoigiza. "Hawakumaliza. Nilijinyoa minye mwenyewe. Kama munaona niende, nitaenda."

Jolie akamkaribia mama yake. Akapitisha kiganja juu ya kichwa kile chenye mikwaruzo, polepole, mbele, nyuma, akasimama nyuma ya sikio la kushoto. Kulikuwa na kishungi kimebaki, ambacho mkono wake mwenyewe haukukiona.

"Desturi inasema nini?" Jolie akauliza. "Inasema mukono wa damu ya baba. Haiseme Anne-Marie. Haiseme Léopold. Kunyoa ilianza kule kule baba alifia, hapa ni kumaliza tu. Na minye niko mutoto wa nani?"

Victoire akafikiri. "Mutoto hajawahi kunyoa mama yake..."

"Niko mutoto wa nani, mama mukwe?"

"Wa Jean-Marie," Victoire akasema.

"Inama, mama."

Geneviève akainama kizingitini. Jolie akaleta wembe na kikombe cha maji, akakinyoa kile kishungi, akakipangusa kichwa chote kwa mafuta ya mawese. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayesema chakula kiko tayari, kwamba kilio cha Jean-Marie kimeisha. Hakuna aliyepiga picha. Jirani mmoja aliyekuwa anaanika mihogo aliinua kichwa, akarudi kwenye mihogo yake.

Victoire akamfungua mtoto mgongoni, akamweka mapajani mwa bibi yake.

Hakuwa tena kile kitoto cha kitambaa cheupe. Alikuwa mzito, ana meno mawili, ameshaanza kujua watu na wasio watu wake. Alimtazama mwanamke huyu asiye na nywele, mwenye madoa ya damu kichwani, ambaye hakuwahi kumwona kwa karibu maishani mwake. Midomo ikatetemeka. Akaangua kilio, akajipinda, akanyoosha mikono kumtafuta Victoire.

Jolie akataka kumchukua.

"Muache alie," Geneviève akasema, akimkumbatia. "Huyu eko nalia ya kweli."